Rahisi Si Kosa, Lakini Ipimwe

Kila mwisho wa mwezi, mfanyakazi akisha kupokea mshahara wake, akalipa kodi ya chumba, akaweka kando ada ya watoto na nauli ya kwendea kazini, hubakiwa na fedha kidogo ambayo huifikiria mara mbili kabla ya kuitumia. Zamani fedha hiyo ilikwenda kwenye baiskeli, au redio, au shati la sikukuu. Siku hizi, mara nyingi, huenda Kariakoo kununua simu, au chaja, au kadi ya kumbukumbu, au kile kisanduku cha kuwekea umeme ambacho kila mtu hukiita pawabenki. Wala si anasa. Simu ndiyo benki ya mtu asiye na benki, ndiyo daftari lake la madeni, na kwa dereva wa bodaboda au fundi wa rangi ndiyo mlango anaobishiwa hodi kuitwa kazini. Kwa hiyo tukiandika leo juu ya vyombo hivi vidogo na bei zake, tusidhaniwe kuwa tumeishiwa na mambo ya maana.

Tunayo sababu nyingine ya kuandika. Sisi wenyewe tumenunua vitu rahisi kwa miaka mingi, na faida yake tumeiona. Lakini mara moja tulinunua rahisi tukapoteza kitu kisichouzwa katika duka lolote. Tutalieleza jambo hilo kwanza, kwani ndilo lililotufunza kupima.

Baba yetu mzazi alikuwa mfanyakazi wa mkonge huko Korogwe tangu ujana wake. Alianza kwa kukata majani, baadaye akahamishiwa kwenye korona, yaani ile mashine ikwanguayo majani ya mkonge mpaka zikabaki singa tupu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Uzee ulipomfikia ndipo alipoanza kusimulia: habari za manamba waliotoka mbali na kulala wengi katika chumba kimoja, habari za mnyapara aliyehesabu matita huku akijifanya hajui kuhesabu vizuri, habari za mwenzake aliyepoteza vidole kwenye mashine akaendelea kuimba. Mwaka 2018, tulipokwenda likizo, tuliegemeza simu kwenye ndoo kila jioni, yeye akiwa ameketi juu ya kigoda chake, tukamchukua picha za sinema pamoja na sauti yake. Jioni kumi na tisa, kila jioni dakika ishirini hivi.

Simu yetu ilikuwa imejaa. Hivyo kabla ya safari tulinunua kadi ya kumbukumbu iliyoandikwa gigabaiti 128, kwa Sh. 12,000/-, ilhali maduka mengine yalitaka zaidi ya mara nne ya bei hiyo. Muuzaji aliitia ndani ya simu mbele ya macho yetu, na simu ikaandika 128. Tukaridhika. Nani angefanya zaidi ya hapo?

Baba alifariki mwaka 2019. Baada ya arobaini, ndugu walipokuwa wangali wamekusanyika, tuliifungua ile kadi ili wajukuu wamsikie babu yao. Majina ya mafaili yote kumi na tisa yalikuwapo, kila jina na tarehe yake na ukubwa wake. Manne ya kwanza yalifunguka. La tano halikufunguka, wala la sita, wala lolote lililofuata. Hatukuwa tumeyatazama kabla ya siku ile. Nani aangaliaye sinema ya mtu aliye hai pembeni yake?

Tulimpelekea fundi mmoja, kijana afanyaye kazi chini ya mwavuli, mwenye miwani ya kukuzia na subira ya daktari. Alituambia bila kuficha kwamba hakuna cha kurudisha, maana hakikuwekwa kamwe. Kadi ile ilikuwa ya gigabaiti 8. Ndani ya kila kadi, alisema, mna vitu viwili: mna ghala, na mna karani alindaye ghala. Simu haiingii ghalani. Huongea na karani tu. Kiwandani au njiani, mtu mdanganyifu humfundisha karani kusema kwamba ghala lina nafasi ya magunia 128, ijapokuwa lina nafasi ya 8. Gunia la tisa likija, karani huliandika vizuri katika daftari, kisha hulitupa nje kwa mlango wa nyuma. Ukija kuuliza, daftari lipo, jina lipo, uzito upo. Gunia halipo. Karani wengine ni wabaya zaidi: huliweka gunia jipya juu ya la zamani, ukapoteza hata yale uliyokuwa nayo.

Basi tumebaki na jioni nne za baba yetu. Zile jioni nne tumezinakili mahali patatu, na hatupendi kuzungumza sana juu ya zile kumi na tano.

Wako watu ambao wakisikia habari kama hii hutikisa kichwa na kusema: wahenga walinena, rahisi ni ghali. Twawaheshimu wahenga, lakini twaona methali hii siku hizi imekuwa fimbo ya kumpigia mnyonge. Mwenye fedha hununua ghali akalala usingizi. Asiye nazo akinunua rahisi akadanganywa, huambiwa kwamba kosa ni lake. La hasha. Kosa ni la yule aliyeandika 128 juu ya 8. Tena si kweli kwamba kila rahisi ni ghali. Tunayo spika ndogo tuliyoinunua kwa Sh. 10,000/- kwa machinga Mtaa wa Msimbazi, na huu ni mwaka wa sita inaimba jikoni kwetu. Tunayo kibodi ya kuandikia iliyotumika Ulaya kabla ya kufika kwetu katika mtumba, na makala haya yameandikwa juu yake. Herufi ya X imefutika, lakini Kiswahili hakina haja nayo kubwa. Rahisi ni jambo la kupimwa, kama vile samaki hupimwa kwa kutazamwa jicho lake na shavu lake. Taabu yetu ni kwamba samaki tumemzoea tangu utotoni, na kadi ya kumbukumbu hatujaizoea.

Kadi hupimwa kwa kujazwa. Hakuna njia nyingine ya hakika. Nakili mafaili mpaka kadi iseme imejaa, kisha uyafungue: la kwanza, la katikati na la mwisho. Kwa wale wenye kompyuta zipo programu mbili zisizolipiwa, H2testw na F3, ambazo kazi yake ni kuijaza kadi kwa namba zinazojulikana na kuzisoma upya moja moja, kuona kama karani amezitunza. Kazi hii huchukua saa kadhaa, nayo haiwezi kufanyika mbele ya kaunta huku watu wakisukumana. Kwa hiyo jambo la kupatana na muuzaji si bei peke yake. Ni ruhusa ya kurudisha kesho. Muuzaji wa kweli hukubali. Tumepata kuona wengine wakipunguza bei papo hapo wanaposikia neno kupima, na punguzo la namna hiyo ni jawabu tosha.

Lakini tusimwonee mtu. Kadi halali ya gigabaiti 64 ikitiwa katika baadhi ya kompyuta huonyesha 59 na kitu, na wako waliokwenda kugombana dukani kwa ajili hiyo. Huo si wizi. Mwenye kiwanda huhesabu kwa elfu elfu, na kompyuta hizo huhesabu kwa 1,024, hivyo kitu kile kile kina hesabu mbili. Pungufu la 64 kuwa 59 ni hesabu. La 128 kuwa 8 ni uongo.

Baada ya msiba wa kadi tuliamua kwamba hatutanunua tena chombo bila kukifanyia jaribio la namna fulani, hata likiwa jaribio la kijinga. La kijinga kuliko yote ndilo lililotufaa zaidi, nalo ni mizani ya duka.

Mtakumbuka kwamba pawabenki zinazouzwa mitaani huandikwa namba kubwa kubwa: 20,000, 30,000, hata 50,000. Namba hiyo ni kipimo cha umeme unaowekwa ndani, kiitwacho mili-ampea kwa saa. Tulinunua moja yenye 50,000 kwa Sh. 25,000/-, yenye ukubwa wa kiganja na taa nne za kijani. Kwa siku mbili ilitupendeza. Siku ya tatu tuliona kwamba haifikishi simu moja mpaka mwisho. Tukaichukua mpaka duka la jirani yetu anayetupimia sukari, tukaiweka juu ya mizani. Gramu 240.

Hesabu yake si ngumu. Pawabenki nyingi hujengwa kwa seli za mviringo, kila seli nene kidogo kuliko kidole gumba. Seli bora kabisa ya namna hiyo hubeba 3,500 hivi, na uzito wake ni kiasi cha gramu 48. Ukitaka 50,000 lazima uwe na seli kumi na tano, nazo peke yake, bila gamba wala waya, ni gramu 720. Chombo cha gramu 240 hakiwezi kubeba 50,000, kama vile kikombe hakiwezi kubeba debe. Tulipokifungua na fundi, tulikuta seli mbili, kipande cha ubao wa saketi, na kifuko cha mchanga kilichobandikwa vizuri kwa gundi. Tulicheka, kwa sababu mchanga wa pwani tunao mwingi bure. Mtu aliyefikiri kuweka mchanga ule alijua kabisa kwamba mnunuzi hupima kwa mkono. Alichokosa kujua ni kwamba wengine hupima kwa mizani ya sukari.

Hata pawabenki ya kweli yafaa ieleweke. Iliyoandikwa 10,000 kwa uaminifu haitajaza mara mbili simu yenye betri ya 5,000. Umeme wa seli una volti 3.7, nao hupandishwa hadi volti 5 ili uingie katika simu. Katika kupandishwa huko namba ya 10,000 hushuka kuwa 7,400, na kiasi kingine hupotea kwa joto. Utapata kujaza mara moja na nusu hivi. Watengenezaji waaminifu huandika jambo hili kwa herufi ndogo nyuma ya chombo, na tunamsihi kila mnunuzi asome herufi ndogo kabla ya kusoma kubwa. Kwa wale wasafirio kwa ndege tuongeze kwamba mashirika ya ndege hayaruhusu, bila kibali, betri ya kubebwa mkononi izidiyo wati 100 kwa saa, ambayo ni sawa na 27,000 hivi kwa namba hizi za madukani, na zaidi ya wati 160 hukataa kabisa. Pawabenki yetu ya 50,000, kama ingekuwa ya kweli, isingepanda ndege. Kwa kuwa ilikuwa ya mchanga, labda ingepanda.

Juu ya chaja tutasema machache. Chaja mbovu haiibi fedha tu; huweza kuua. Ndani ya chaja nzuri upo utengano kati ya umeme wa ukutani, ambao ni volti 230, na umeme wa volti 5 uendao kwenye simu. Katika chaja hafifu utengano huo huwa mwembamba au haupo. Chaja inayonuka, inayowaka moto mkononi, au inayokupiga shoti ndogo unapogusa simu, itupwe siku hiyo hiyo. Hapo hatuna habari ya kupunguza gharama.

Sasa tuje kwenye simu zenyewe, na kwenye mitaa ya Aggrey na Likoma ambako wengi wetu huzinunua. Mgeni akishuka pale hupokewa na winga kabla hajapumua. Winga hana duka wala bidhaa. Ana miguu, ulimi, na ujuzi wa duka lipi lina nini. Atakupeleka, na kipato chake kitaongezwa juu ya bei yako. Wako wamlaumuo winga kwa kila ubaya wa Kariakoo. Sisi hatumlaumu hivyo. Ni kijana atafutaye riziki kwa jua lile lile tunalolikimbia, na mara nyingi hutuokolea nusu siku ya kutanga. Lakini ajuaye kwamba anamlipa winga, na amlipe kwa kujua: aulize bei katika maduka mawili au matatu akiwa peke yake kwanza, ndipo akubali kuongozwa.

Simu hujulikana kwa namba yake. Bonyeza *#06# na tarakimu kumi na tano zitatokea. Tarakimu hizo hazina budi kulingana na zile zilizobandikwa kwenye boksi, na kwa simu ambazo betri hutoka, na zile zilizoandikwa chini ya betri. Tarakimu ya kumi na tano hukokotolewa kutokana na zile kumi na nne za mbele, hivyo namba iliyobuniwa ovyo huweza kujulikana kwa hesabu tu. Wengi tulijifunza haya kwa uchungu. Kenya ilizizima simu bandia katika mitandao yake mwaka 2012. Kwetu Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano ilifanya hivyo usiku wa tarehe 16 Juni 2016, baada ya miezi ya matangazo, na asubuhi yake tuliona katika daladala watu wazima wakizitikisa simu zao kama mtu atikisaye saa iliyosimama. Wengi wao walikuwa wamezinunua kwa fedha halali, dukani, mchana kweupe. Kisheria hatua ile ilikuwa ya haki, kwani simu isiyo na namba ya kweli ni kichaka cha wezi na mali ya wasiwasi kwa afya ya mtumiaji. Lakini tuliona tangu siku ile kwamba hasara yote ilimwangukia aliye mwisho wa mnyororo: aliyetengeneza alikuwa amekwisha lipwa, aliyeingiza amekwisha lipwa, na winga pia.

Ipo njia nyingine ya kununua simu iliyoenea siku hizi, nayo ni mkopo wa kila siku. Unatoa kianzio, unachukua simu, unalipa kidogo kidogo kwa njia ya simu hiyo hiyo, usipolipa, hujifunga. Kwa mtu asiyeweza kuweka akiba ni msaada wa kweli, wala hatuna nia ya kuupinga. Twaomba tu hesabu ifanywe kabla ya kutia sahihi. Mathalani, kianzio cha Sh. 60,000/- na Sh. 1,500/- kila siku kwa siku 365 ni jumla ya Sh. 607,500/-. Kama simu hiyo duka la pili lauza kwa Sh. 380,000/- taslimu, mkopaji na ajue kwamba analipa Sh. 227,500/- kwa ajili ya muda. Huenda muda huo ukamfaa, huenda usimfae. Jirani yetu mmoja, dereva wa bodaboda, alipata ajali ndogo akakaa nyumbani juma zima bila kulipa. Simu ikajifunga. Wateja wake waliokuwa wakimpigia hawakumpata, na alipopona mguu alikuta nusu yao wamepata dereva mwingine. Deni lilikuwa la elfu kumi na kitu. Masharti ya namna hii yafaa yaulizwe mapema: je, simu ikifungwa, mtu anaweza angalau kupokea anayepigiwa?

Tukiacha kununua, liko jambo ambalo twaona linasahauliwa, nalo ni kutonunua kabisa.

Baba yetu alikuwa na redio ya National, ya namna zile zilizokuwa zikitengenezwa Dar es Salaam katika kiwanda cha Matsushita. Ilikuwa na skrubu nne nyuma, zinazoonekana. Ikiharibika ilifunguliwa, waya ukaunganishwa, ikafungwa. Ilisikia habari za nchi hii kwa zaidi ya miaka ishirini, na ilipokufa ilikuwa imebadilishwa viungo vingi hata sijui kama ilikuwa ile ile. Simu za leo hazina skrubu zinazoonekana. Zimebandikwa kwa gundi, na betri imelazwa ndani kama maiti aliyezikwa, hata mwenye simu huamini kwamba betri ikichoka simu nayo imekwisha.

Si kweli. Betri za lithiamu, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1991 na zikawapatia waanzilishi wake watatu Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2019, zina ugonjwa mmoja unaojulikana: kila zinapojazwa na kumalizwa hupungua nguvu kidogo. Kwa simu nyingi, baada ya kujazwa mara 500 au zaidi, hubaki na nguvu ya asilimia 80 hivi. Simu iliyobaki haijachoka. Aliyechoka ni betri peke yake. Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba programu zake zilikuwa zikipunguza mwendo wa simu zenye betri zilizochoka, kwa maelezo kwamba simu zisizimike ghafula. Watu wengi duniani walikuwa wamekwisha nunua simu mpya wakidhani za zamani zimezeeka, kumbe betri mpya ingalizirudishia mwendo wake. Kampuni ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na mwaka 2020 Ufaransa ikaitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia wanunuzi. Nchi hiyo mwaka 2021 ilianza kulazimisha simu dukani ziandikwe alama inayoonyesha kama zinatengenezeka kwa urahisi au la. Twaona hilo ni jambo la kuigwa, kwa sababu sisi ndio tunaotengeneza zaidi kuliko wao.

Na mafundi tunao. Chini ya kila mwavuli Kariakoo, Mwenge, Mbagala na katika kila mji wa mkoa, yupo kijana awezaye kuipasha simu moto, kufungua gundi yake, kutoa betri na kutia nyingine, kwa fedha ambayo ni sehemu ndogo ya bei ya simu mpya. Simu tunayoitumia sisi ni ya mwaka 2019. Imebadilishwa betri mara mbili na kioo mara moja. Wenzetu kazini huitania. Lakini hutaniwa kwa meseji, na meseji zote hufika.

Kuna ndugu zetu wengine katika habari hii ambao hatuwaoni. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini yanayotumika katika betri nyingi za simu, hutoka Kongo, pande za Kolwezi na Katanga, kwa watu wasemao Kiswahili kama sisi. Wako wanaochimba kwa mashine za makampuni makubwa, na wako wachimbao kwa sururu na mikono yao katika mashimo yasiyo na nguzo. Betri iliyotupwa jalalani kabla ya wakati wake ni jasho lao lililotupwa. Twalitaja kwa sababu, katika hesabu ya rahisi na ghali, jasho lile halikuandikwa kwenye bei.

Tuseme neno juu ya risiti. Wauzaji wengi hukuuliza: wataka bei ya risiti au bei bila risiti? Tofauti huwa elfu chache, na mfanyakazi huchagua ya pili. Nasi tulichagua ya pili tuliponunua ile kadi, na kwa hiyo tulipokwenda kulalamika, baada ya mwaka na zaidi, hatukuwa na karatasi wala duka. Mahali pale walikuwa wakiuza viatu vya watoto. Mwenye risiti ana pa kuanzia. Sheria ya Alama za Bidhaa ni ya tangu mwaka 1963, na ipo Tume ya Ushindani yenye kazi ya kuzisaka bidhaa bandia. Sheria ya mauzo nayo yasema kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo yake. Yale maneno yaliyopigwa mhuri chini ya risiti, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, hayana nguvu ya kugeuza 8 kuwa 128. Twawaomba viongozi wa matawi ya wafanyakazi wayaseme haya mikutanoni, maana mtu mmoja akilalamika huambiwa hajui kutumia chombo, na watu arobaini wa kiwanda kimoja wakilalamika juu ya duka moja husikilizwa.

Tungependekeza pia jambo dogo ambalo halihitaji sheria yoyote. Kila tawi lenye ofisi na kompyuta moja liwe na mahali pa kupimia: programu ya kujaza kadi, mizani ya jikoni, na kijana mmoja ajuaye kuzitumia. Mwanachama akinunua kitu leo, akilete kipimwe, na kesho akirudishe kama ni cha uongo. Gharama yake ni ile mizani tu.

Sisi katika chumba chetu cha kazi tumekwisha anza. Jana mhudumu wetu, ambaye bintiye anaolewa mwezi ujao na ambaye atapiga picha mwenyewe kwa kuwa mpiga picha wa kukodi amemshinda bei, alileta kadi ya gigabaiti 64 aliyoinunua kwa Sh. 18,000/-, pamoja na risiti na ahadi ya muuzaji kwamba aweza kuirudisha mpaka saa kumi na mbili jioni. Tuliitia kwenye kompyuta leo asubuhi. Tunapoandika mstari huu ni saa nane na robo mchana, imekwisha pokea gigabaiti 41, na mhudumu amekuja kuchungulia mara tano. Kazi ya kusoma upya bado haijaanza.